Namsifu na Jino la Mumewe

"Mficha jino hula makande kwa macho." Mmemsikia shangazi yenu akiisema, mkacheka, na sasa mnaniuliza ilikotoka. Methali hii ilianza hivi.

Huko Usangi aliishi fundi seremala aitwaye Mrindoko, na mkewe Namsifu. Mrindoko alipenda makande ya mkewe, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, kuliko chakula chochote. Watani wake walisema alioa chungu, si mke.

Mwaka mmoja gego lake likaoza. Hakumwambia mtu. Hakuwa na bima ya afya, na aliamini kutibiwa meno ni jambo la wenye pesa. Akasukutua maji ya chumvi, akabana karafuu kwenye jino. Makande yakipakuliwa aliyatazama tu, kisha akaomba uji. Mwanzoni Namsifu alidhani ni uchovu. Wiki ya tatu alilia jikoni peke yake, akiamini mumewe amemchoka.

Asubuhi moja Mrindoko aliamka shavu limevimba, jicho moja halifunguki, mwili unachemka.

"Baba Elineema," mkewe alisema, "kumbe ni jino?"

"Ni jino."

"Na mimi nilidhani umenichoka!"

"Nikuchoke wewe? Niliogopa tutauza mbuzi wako."

"Mbuzi nitapata mwingine. Wewe nitakupata wapi?"

Akajitanda khanga, akamshika mkono mpaka kituo cha afya. Pale kwenye dirisha la mapokezi akasema bila haya, "Mume wangu anaumwa jino, na bima hatuna. Tufanyeje?"

Muuguzi hakushangaa hata kidogo. Akawapeleka kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye aliwasikiliza, akaandika kwamba wachangie kile wanachoweza. Tabibu wa meno, binti mmoja mpole, akampa Mrindoko dawa ya kukausha usaha. Siku ya tano akamchoma sindano ya ganzi, akaling'oa lile jino.

"Baba, ungekawia zaidi, usaha ungeshuka shingoni," alimwambia. "Siku nyingine likianza tu kuuma, njoo uulize. Kuuliza ni bure."

Mrindoko akainamisha kichwa kama mwanafunzi.

Kidonda kilipopona, Namsifu alibandika makande. Mumewe alikula sahani tatu. Watani wake waliokuwapo wakamuuliza, "Fundi, siku zote zile ulikuwa unakunywa uji kwa nini?"

Mrindoko alikuwa bado anatafuna. Namsifu akamtazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akawajibu yeye:

"Mficha jino hula makande kwa macho."