Avaaye Koti la Studio

Avaaye koti la studio hageuki. Mmelisikia neno hili jana kwa yule mama aliyekataa cheo mkutanoni, mkacheka, mkauliza ni koti gani hilo na studio ya wapi. Msicheke. Kabla halijawa methali lilikuwa kilio cha watu, na mwanzo wake ni huu.

Kule kusini kulikuwa na kiwanda cha korosho. Leo ni ghala la saruji, na walioneemeka nacho wamejisahaulisha. Sisi hatujasahau. Wanawake walibangua korosho kwa mikono mitupu. Ganda la korosho lina mafuta makali. Yakigusa ngozi huiunguza, ikawa nyeusi, ikabambuka kama gome la mti. Mama akirudi nyumbani aliogopa kumshika mwanawe. Wakaomba glavu, wakaambiwa subirini. Wakaomba tena, wakaambiwa kelele za wengi hazisikiki, leteni mtu mmoja. Wakamtuma Somoe Nangumbi.

Somoe alikuwa mjane, mwenye sauti isiyotetemeka. Aliingia ofisini kwa meneja, Bwana Faraji, akalaza mikono yake juu ya meza.

“Tazama, bwana.”

Bwana Faraji hakutazama. Alimwagizia chai.

“Bi Somoe, mtu mwenye akili kama wewe unakuja kuomba glavu? Omba kiti! Tangu leo wewe ni mkurugenzi, msemaji wa wafanyakazi kwenye bodi. Hizo glavu utazipitisha mwenyewe ukiwa ndani. Kesho nenda kwa Kazumari ukapigwe picha.”

Mtu akiomba dawa akapewa cheo, ajiulize. Somoe hakujiuliza. Alitoka pale kifua kimejaa.

Kazumari mpiga picha alikuwa na koti moja jeusi la wateja wote: walimu, makarani, wenye maduka, hata bwana harusi. Ili liwaenee wote alikuwa amelipasua mgongoni, toka kwenye kola hadi kwenye pindo. Mnene alilivaa likiwa wazi. Mwembamba alibanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kwa mbele lilimkaa kila mtu kama ameshonewa yeye.

Alimvisha Somoe, akambana, akamketisha upande.

“Bega la kushoto mbele. Uso urudi kwangu. Kidevu chini kidogo. Si hivyo, dada, hujafiwa!”

Akawasha taa kubwa nyuma ya kitambaa cheupe ili mwanga umwangukie taratibu. Shavu la pili lilikuwa kizani, akaliegemezea ubao mweupe, kivuli kikapungua. Hapo ndipo alipoiona mikono.

“Lo! Taa hii haina huruma. Weka mikono nyuma.”

“Mikono ndiyo iliyonileta hapa.”

“Kilichokuleta ni cheo. Mkurugenzi hana mikono, ana mabega. Haya, nyuma. Na usigeuke, mkao wote utaharibika.”

Somoe akaificha mikono.

Picha ikatundikwa getini, jina lake chini kwa herufi kubwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Somoe akangoja kuitwa kikaoni. Hakuitwa. Wifi yake, Asumini, waliyekaa naye meza moja ya kubangulia, akawa anamuuliza, “Wifi, glavu zetu?” Naye, kwa haya ya kusema kwamba mlango wa bodi haujui uko wapi, akajibu, “Tunazijadili.” Wiki ikapita, akajibu hivyo hivyo. Neno hilo dogo ndilo lililomfunga.

Ikafika siku ya wageni wa benki, waliokuja kuona kama kiwanda kinastahili mkopo. Bwana Faraji alitaka picha ya mkurugenzi na wafanyakazi wake. Kazumari akaja na taa zake na koti lake. Alimsimamisha Somoe mbele, wanawake akawapanga nyuma yake penye mwanga hafifu, waonekane kama ukungu. Wageni waliketi upande wa kamera.

Basi wageni walimwona mkurugenzi. Wanawake waliona vibanio, na gauni la kazini lenye madoa likichungulia kwenye mpasuko, na chini yake mikono iliyofichwa, imeungua kama yao.

“Mama yangu wee,” mmoja akanong'ona. “Mkurugenzi wa vibanio!”

Kicheko kikapita mistarini. Somoe alikisikia, masikio yakamwaka moto, lakini kidevu kikabaki mahali kilipowekwa.

Bwana Faraji akasimama kando ya taa. “Wageni wetu, huyu ametoka kwenye meza ya kubangulia. Ni yeye mwenyewe, kwa niaba ya wenzake, aliyeiambia bodi kwamba glavu zinachelewesha kazi. Hawazihitaji.”

Kicheko kikakatika. Kisha ikaja sauti ya Asumini, nyembamba kama ya mtoto.

“Wifi, ulisema hivyo?”

“Usigeuke,” Kazumari akanong'ona.

“Wifi! Nakuuliza wewe!”

“Bi Somoe,” Bwana Faraji alisema huku akitabasamu, “tazama mbele.”

Somoe akageuka.

Kibanio cha juu kikafyatuka, koti likafunguka kama mlango, na wageni wakaona mgongo wa mkurugenzi wao. Mama mmoja wa benki alishika mdomo. Mwingine aliinuka, akakaa, akainuka tena. Somoe hakuwatazama. Aliwanyooshea wenzake mikono yote miwili.

“Sikusema. Sijawahi kuingia kikao hata kimoja. Nilipigwa picha tu, nikaona haya kuwaambia.”

Wageni waliondoka bila kugusa chakula. Wanawake nao hawakurudi mezani. Walitoka, wakaketi nje ya geti juani, Somoe katikati yao. Glavu zilikuja, tena upesi, maana benki ilifunga mfuko wake mpaka zije. Lakini kabla hazijaja, Bwana Faraji alitoka mwenyewe na lile koti mkononi, akalitandaza vizuri, upande wa mbele juu. Akamwita Asumini.

“Wewe una busara kuliko wifi yako. Nafasi ya mkurugenzi iko wazi.”

Asumini alilitazama koti. Akawatazama wenzake waliokuwa nyuma yake, mmoja mmoja, bila haraka.

“Na hawa nitawatazamaje, bwana?” akasema. “Avaaye koti la studio hageuki.”