Sultani Aliyekataza Watu Kuulizana

Palikuwa na sultani mmoja katika mji wa Kifumbuni, jina lake Mwinyikai, kitambi mbele, akili nyuma. Siku moja akapita mgeni muuza miwani, anajua Kiingereza. Sultani akamkamata amfundishe. Wakakaa sebuleni, wakasoma wee, mpaka Sultani akaweza kuuliza. Akishika kijiko, "Wati izi zisi?" yaani hiki ni nini. Akimwona mpishi, "Huu a yuu?" yaani wewe ni nani. Akichungulia dirishani, "Wea izi ze kau?" yaani ng'ombe yuko wapi. Hapo akamwambia mwalimu basi, inatosha. Majibu hakutaka kujifunza. Alisema majibu ni kazi ya raia.

Mwalimu akamshukuru Mungu, akaondoka mbio. Ndipo ikapigwa mbiu: kuanzia leo, kila mwenyeji wa mji huu akitaka kuuliza, aulize kwa Kiingereza. Atakayeuliza kwa Kiswahili atabeba mawe ya jumba jipya la Sultani mpaka akijue Kiingereza. Na wa kumfundisha keshakwenda zake! Haya, tuone.

Jamani, mmewahi kukaa hata nusu siku bila kuuliza? "Hujambo" ni swali. "Habari za nyumbani" ni swali. Watu wakawa wanapishana njiani kama mbuzi. Mganga akimpata mgonjwa anambonyeza popote. Akisikia ukelele anajua ni hapo. Harusi nazo zikalala, maana bibi harusi haozwi mpaka aulizwe kama ameridhia, na kadhi hakuwa na kimombo hata cha kuombea maji.

Sasa, alikuwako mama mmoja muuza mihogo ya kuchoma, anaitwa Mwanamize, ulimi wake pilipili kichaa. Mumewe, Vuai, alikuwa msusi wa majamvi, mtu mpole, kifua chake kibovu. Huyu Vuai akakutana njiani na mama mkwe wake. Na mkwe, mnajua wenyewe, hapitwi kimya kimya. Ukimpita hivyo umemtukana yeye na binti yake. Vuai akainama, akasema, "Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

Askari huyo! Vuai akapelekwa kwenye mawe.

Mwanamize alilia, alilia kweli, kwani alijua mawe yale yatamzika mumewe. Kisha akapangusa macho, akajifunga kanga kibwebwe, akaenda barazani kwa Sultani.

"Shikamoo, Maulana."

"Marahaba," akajibu Sultani, na hapo akakwama. Baada ya marahaba hufuata hujambo. Akamtazama Waziri. Waziri akatazama dari.

Mwanamize akaketi chini. Akatengeneza kanga yake. Akacheka kidogo, peke yake.

Sultani akakohoa. "Sema shida yako."

"Nimekuja kumwombea mume wangu Vuai, Maulana. Alimwamkia mkwewe."

"Sheria ni sheria. Nenda zako."

"Naenda. Ila nakuonea huruma. Kuna jambo linakuhusu wewe, mji mzima unalijua, wewe tu hulijui." Akainuka, akashika njia ya mlangoni.

"Ngoja!" Sultani ulimi ulimwasha. Akamnyooshea kidole. "Wati izi zisi?"

Hayo maswali yake, mji mzima ulikwisha kuyazoea kwa kuyasikia asubuhi na jioni. Mwanamize hakubabaika.

"Hii ni kanga, Maulana. Imechakaa."

"Huu a yuu?"

"Mwanamize wa mihogo."

Sultani jasho likamtoka. Limebaki moja. "Wea izi ze kau?"

"Yuko malishoni, Maulana. Hajambo."

"Si ng'ombe!" Sultani akapiga kiti. "Jambo! Hilo jambo langu!"

"Ahaa. Hilo ni zito. Watoto wanalijua. Wake zako wanalijua. Hata Waziri analijua, mwangalie anavyoihesabu dari."

Sultani akaruka, kilemba upande. "Jambo gani?"

Waziri akaiacha dari, akamtazama bwana wake.

"Kwa Kiswahili," akasema Mwanamize.

"Nani amesikia?"

"La pili hilo."

"Unanihesabia?"

"Na la tatu. Alhamdulillahi, Vuai wangu amepata wa kushika upande wa pili wa jiwe. Kesho nitawaletea mihogo, mgawane."

"Mshenzi wee! Sheria nimeitunga mimi, hainishiki mimi!"

"Hewala, Maulana. Mbiu ilisema kila mwenyeji wa mji huu. Kama haikushiki, basi wewe si mwenyeji. Nitapita sokoni niwaambie watu kwamba Sultani ni mpita njia, kama yule wa miwani. Wakufungie na masurufu ya safari."

Sultani akafungua kinywa. Akakifunga. Kila neno lililomjia lilikuwa swali.

"Mfungueni Vuai," akasema mwishowe. "Na hiyo amri nimeifuta."

Waziri akamrukia askari wa mlangoni, akamkumbatia. "Hujambo? Hujambo, ndugu yangu? Mama hajambo?" Machozi yakamlengalenga.

Vuai akaletwa, vumbi tupu, anakohoa. Akamtazama mkewe, akauliza, "Umekula?" Mwanamize akamfuta uso kwa upindo wa kanga.

"Haya, mwanamke," Sultani akang'aka, "mumeo huyo. Sasa nijibu. Ni jambo gani hilo, mji mzima unalijua, mimi silijui?"

Mwanamize akamshika mumewe mkono, wakafika mlangoni, akageuka.

"Kwamba tangu utoe ile amri, Maulana, hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza habari zako."