Kasuku Aliyeacha Kutaja Wachafu

Sultani Hazami bin Daruweshi alitawala mji wa Shamsia, na mji huo ulikunywa maji ya chemchemi moja iliyolindwa na jini Barkashi, na maji yake yakapita mferejini mlango kwa mlango. Lakini watu wa Shamsia, Mola awasamehe, waliugeuza mfereji jaa, wakatupa humo maganda na matumbo ya samaki, na maji safi wakayamwaga ovyo uani kulaza vumbi.

Barkashi akaghadhibika, akamtokea Sultani, akanena, "Mwezi ukiandama nitayaonja maji ya mwisho wa mfereji. Nikionja uchafu, nahama na chemchemi yangu." Sultani kwa hofu akamfunga Mzee Shekuwe, mwangalizi wa mfereji, akaapa kwamba jini akihama, mzee atakatwa kichwa.

Mwanakheri, binti wa pekee wa mzee huyo, akalia hadi macho yakavimba. Na kila alfajiri kasuku wa Sultani aliruka juu ya mji akiwataja wachafu kwa amri: "Nyumba ya Bi Zamu wametupa! Nyumba ya Fundi Abeidi wametupa!" Mwanakheri akamwona Bi Zamu, jirani yake, akimwaga ndoo ya taka huku akicheka.

"Mji mzima watupa, mwanangu. Mimi nani nijitie utawa?"

Hapo Mwanakheri akang'amua kwamba kasuku ndiye aliyewafundisha kuwa kila mtu hutupa. Akaenda kasrini, akapiga magoti. "Maulana, dumu daima. Kasuku na ataje waliouhifadhi mfereji tu." Sultani, aliyekwisha ishiwa na hila, akaridhia.

Siku ya kwanza zilitajwa nyumba chache mno, na ya Fundi Abeidi ikiwamo. Bi Zamu akajiuma kidole. "Abeidi naye kanishinda mimi?" Kufikia adhuhuri amechimba shimo la taka, na maji ya vyombo anayapeleka migombani. Wengine wakafuata. Wako waliomhonga kasuku halua; akala, asiwataje.

Ikafika alfajiri ya mwezi kuandama, na nyumba zote zikatajwa ila kasri.

"Na kwangu je?" Sultani akamwuliza kasuku.

"Jikoni kwako, maulana, wamemwaga pilau mferejini. Nami nataja nilichokiona."

Sultani akainamisha uso kwa haya, akakunja joho lake, akaingia mferejini akizoa wali kwa mikono yake, na watu walipomwona wakaingia naye.

Jioni Barkashi akachota, akaonja, akameza, akarejea chemchemini. Mzee akafunguliwa, na Mwanakheri akaozwa mwana wa Sultani kwa mali na heshima. Na asubuhi kasuku alipoitaja nyumba ya Hazami, Sultani akamkumbatia Mzee Shekuwe mbele ya watu wote, akalia.

"Nisamehe, mzee wangu. Uchafu ulikuwa wangu."

Basi ewe usikiaye, ukitaka watu watende wema, waonyeshe wema ulipo. Maana mtu hutazama mlango wa jirani kabla ya wake.