Taji la Bibi Sinapati

Wahenga, ambao hawajakosea jambo hata moja tangu dunia iumbwe, walinena kwamba kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Maneno haya ni mazito kama jiwe la msingi wa kanisa, na yanamtaka kila msomaji aketi wima na kutafakari. Bibi Sinapati hakuweza kuketi wima. Jumapili hiyo, baada ya ibada, alikuwa amelala chali mbele ya ukoo mzima, sahani ya majimbi kifuani, kwa kuwa aliinuka kutoka mkekani na magoti yakakataa kumsindikiza.

Hakuvunjika mfupa. Kilichovunjika ni uhuru wake. Katika kijiji chao kisiwani Savaii mzee hutumikiwa, na tangu siku hiyo Bibi alitumikiwa kama yai lisilo na ganda. Maji aliletewa, chakula aliletewa, hata joto lilipozidi alipepewa. Kila alipojaribu kusimama, mikono minne ilimrudisha chini kwa heshima zote. Kisha mwanawe Uelese, chifu wa ukoo, akatoa hukumu nyingine: kanisa jipya litakapofunguliwa, Bibi hatacheza taualuga, ngoma ya kufungia sherehe. Bibi alikuwa ameicheza kanisa la zamani lilipofunguliwa, naye ana miaka kumi na sita. Sasa alikuwa na sabini na minane, na kijiji kilikuwa kimemwomba yeye tena.

Miezi mitatu ya heshima iliimaliza miguu yake, ikawa kama fito mbili zilizosahauliwa na mjenzi. Siku moja Lagi, muuguzi wa zahanati, alikuja kumpima shinikizo la damu, akamkuta ananyanyuliwa na wajukuu wawili kwenda kuoga. Akamgeukia Uelese.

"Chifu, nani kamfunga mama yako?"

"Hajafungwa. Anapumzishwa."

"Mguu usiofanya kazi husahau kazi. Nyinyi mnamwangusha kwa adabu."

Bibi alicheka mpaka kipimo kikasoma vibaya. Tangu hapo alifuata mafunzo ya Lagi kama mlokole afuatavyo kengele. Asubuhi aliketi na kusimama kwenye benchi mara kumi, mikono kifuani. Mchana alisimama kwa mguu mmoja huku ameikumbatia nguzo ya nyumba, wiki iliyofuata akaishika kwa kidole, kisha akaiacha nguzo isimame peke yake. Jioni alitembea kisigino kikigusa vidole, kama mtu anayepima shamba la mchwa.

Shida ilianza alipokwenda jikoni kujichukulia sahani mwenyewe. Jirani yao Mele, akipita barabarani, aliuliza kwa upole unaokata kama wembe iwapo vijana wote wa nyumba ile walikuwa wamehamia mjini Apia. Uso wa Uelese ulimshuka. Chifu ambaye mama yake anajihudumia ana uso gani wa kukaa barazani? Akamsihi mama yake aketi.

"Mwanangu," Bibi alimjibu, "aibu haijawahi kumvunja mtu nyonga. Kukaa ndiko kunakovunja."

Uelese akaweka sharti, akiamini halitatimizwa: ainuke kutoka mkekani mara tatu mbele ya ukoo bila kugusa chini kwa mkono, na akishindwa asiitaje ngoma tena. Mara ya kwanza aliinuka. Ya pili aliinuka akihema. Ya tatu magoti yalitetemeka, na wajukuu wakanyoosha mikono kwa mazoea. Bibi aliwatazama tu, nayo mikono ikarudi. Akaegemea mbele, akakita mguu, akasimama wima kama mnazi.

"Haya," akasema, "kaniletee taji."

Taji lile avaalo mchezaji wa taualuga, la nywele na simbi, huelemea shingo hata za wasichana. Kwa hiyo mwezi mzima Bibi alizunguka uani na kikapu cha mashelisheli kichwani.

Siku ya sherehe ilipofika, aliingia uwanjani akiwa amepakwa mafuta, aking'aa. Desturi inataka wanaume wamzunguke mchezaji wakijigaragaza na kujitupa chini, ili utulivu wake uonekane zaidi, na aliyejigaragaza kuliko wote alikuwa Uelese. Bibi Sinapati hakuyumba hata kidogo, kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho, na hivyo methali ikathibitika.

Hapo mwandishi aliweka kalamu chini, akamsomea Bibi mwenyewe akitarajia sifa. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Hakuyumba," alisema. "Na mzunguko wa tatu alicheza nani, wewe mjukuu mwongo?"

Nakiri. Katika mzunguko wa tatu Bibi alikanyaga ua lililodondoka, kisigino kikateleza, taji likaenda upande, na kijiji kizima kikashika pumzi. Niliacha kuandika hayo nikidhani ninamstahi, na pia kwa sababu nilikuwa nimefumba macho. Waliokuwa wameyafumbua wanasema mguu wa pili ulikwisha kutangulia, magoti yakakunjika, mikono ikafunguka kama mbawa, naye akapiga hatua tatu za mbio zilizomfikisha mlangoni mwa kanisa, taji likiwa limerudi katikati. Wageni walipiga makofi wakidhani ni ufundi wa kale. Uelese, aliyejua, alibaki chini alikojitupa, akilia.

Basi ndugu msomaji, nisingeweza kuithibitisha methali kwa kuuficha ushahidi wake. Bibi alijikwaa, nami ninaandika tena: kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.