Bi Pimbi na Picha za Angani

Hapo zamani za kale, ila si kale ya kupitiliza, maana wanyama walishakuwa na simu, Bi Pimbi aliishi na wanawe katika Bonde la Mianzi, kando ya chemchemi.

Mnamwona mdogo, sivyo? Ngojeni.

Bi Pimbi alikuwa na mazoea ya kupanda juu ya jiwe, kufungua simu na kutazama picha za setilaiti, ile mashine inayozunguka juu angani. Penye unyevu palionekana kijani, penye ukame hudhurungi. Wenzake walitazama picha ya leo, wakaenda zao. Yeye alizipanga zote, tangu za zamani.

Lahaula! Kijani cha Bonde kilikuwa kinafifia mwaka hadi mwaka, kama kanga inayochujuka. Lakini kule Uwanda wa Miiba, mali ya Mzee Tembo, kijani kilizidi kuongezeka.

"Tukibaki hapa wanangu watakufa kwa kiu," alijisemea. "Na nikiuomba Uwanda, Tembo atashtuka aninyime."

Asubuhi akaanza kujitapa pale chemchemini: "Nani ana maji kama yangu? Sihami ng'o!"

Puu! Puu! Puu! Tembo huyo, na rafiki yake Nyati.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba. Bonde nalitaka mimi. Wewe nenda Uwanda wa Miiba, nakupa wote."

"Uwii! Kule kwenye vumbi, mzee wangu? Na watoto hawa?"

"Shauri yako!"

Nyati akanong'ona, "Huyu mjanja. Atuonyeshe kwanza hizo picha zake."

Bi Pimbi akatoa simu. Akafungua picha ya siku ile: Bonde kijani, Uwanda hudhurungi wenye vidoa vya kijani.

"Kwa! Kwa! Kwa!" Tembo akacheka. "Haya, fungasha!"

Hakuna aliyeuliza picha za nyuma.

"Basi tukanyage tope," Bi Pimbi akasema huku akilia. Ndiyo desturi yao: wanaobadilishana ardhi hukanyaga tope mbele ya wote, na likishakauka hakuna kurudi nyuma. Tembo akakanyaga, pwaa!

Misimu ikapita. Chemchemi ya Bonde ikakauka kau! Kule Uwanda maji yakatuama na nyasi zikanawiri, watoto wa Pimbi wakanenepa. Tembo akaja, amekonda.

"Ulinidanganya!"

"Wapi, mzee wangu? Picha za miaka yote zilikuwa kwenye simu ile ile. Wewe ukatosheka na moja."

Tembo akainamisha mkonga. "Nisaidie maji, mama."

"Maji yapo, karibu sana. Ila hapa kwetu wadogo hunywa kwanza. Panga foleni, pale nyuma ya Panya."

Mzee Tembo, na ukubwa wake wote, akapanga.

Nanyi watoto, mkitaka kujua ukame unaelekea wapi, tazameni miaka mingi, msitazame leo peke yake.