Kiti Kimoja Kwenye Meza ya Pasi

Hapo zamani, si zamani ya majini bali hii ya simu za mkononi, palikuwa na kiwanda cha pasi Morogoro. Msimamizi wa meza moja alikuwa Bi. Chiku, mkali wa maneno, mwepesi wa huruma. Mezani kwake Mkude aliunga pasi, Anzelma alizijaribu, Sikudhani alizipakia. Na kwao ilikuwa mila: pasi haiingii kwenye boksi mpaka inyooshe kanga, na kanga itoke salama.

Basi watu wakaacha kwenda madukani. Wakanunua kwa simu, wamejilaza zao kitandani. Maduka yakafungwa, kiwanda kikasinyaa. Mkurugenzi akamwita Bi. Chiku: "Abaki mtu mmoja mezani kwako. Nitajie jina kabla ya king'ora cha jioni. Usipotaja, wote watatu waende."

Bi. Chiku akarudi, maji yamemfika shingoni, akawaeleza yote. Aliwapenda wote, na hilo ndilo lililomuuma.

Mkude akasema, "Dada Chiku, hawa nimewafunza mimi. Mwalimu aondoke, wanafunzi wabaki?"

Sikudhani akasema, "Kaka Mkude, heshima yako iko palepale. Lakini maduka yalipokufa, nani alizipiga picha pasi zetu akaziuza mtandaoni? Bila mimi hata hicho kiti kimoja kisingekuwepo."

Anzelma akacheka kwa uchungu. "Uliuza, ndiyo. Oda zilipokuzidi, ukairuka kanga. Pasi ikaunguza gauni la bibi harusi, akatuanika mtandao mzima. Nani alikwenda kumpigia magoti mpaka akatusamehe? Mimi! Anayenunua asichokishika anamhitaji mtu aliyekishika."

"Nilikosa," akasema Sikudhani. "Lakini pasi ile iliungwa na nani?"

Mkude akatazama mikono yake. "Niliiunga mimi. Nilikuwa na haraka."

"Nawe Anzelma, uliniona nikiipakia bila kanga. Mbona ulinyamaza?"

Hapo Bi. Chiku akatamani kulia, maana kila mmoja alikuwa na haki, na kila mmoja alikuwa na lake.

King'ora kikalia. Mkurugenzi akasimama mlangoni. "Haya, Bi. Chiku. Nani?"

Nami nawauliza nyinyi mnaonisikiliza, na msinitazame mimi: mngekuwa nyinyi Bi. Chiku, mngemtaja nani?