Samaki wa Saa Kumi na Moja

Nani yuko macho? Aliye macho asogee, anayesinzia akalale, maana fumbo hili si la kumbembelezea mtu. Mimi mwenyewe limenikosesha usingizi na nimelikasirikia. Lisikilizeni mpaka mwisho, kisha mnijibu.

Palikuwa na wanafunzi watatu wa sayansi katika chuo kikuu kimoja cha bara. Wote walikuwa wa mwaka wa kwanza, na wote watatu walichukiana. Sisemi walitofautiana. Walichukiana. Mwalimu wao wa kompyuta, Dakta Mang'enya, aliwaweka kundi moja kwa sababu hakuna kundi lingine lililowataka.

Wa kwanza aliitwa Shemdoe, mtoto wa milimani Lushoto. Kipaji chake kilikuwa uvumilivu. Mvua, jua, umande, kwake vyote sawa. Akisema atafika, anafika. Ila alikuwa na kiburi cha mtu asiyechelewa, na kila aliyechelewa alimwita mzembe mbele za watu.

Wa pili aliitwa Tumsifu, msichana wa Machame. Kipaji chake kilikuwa jicho. Kitu chochote akikitazama anaona kilipopinda. Hata ukimsalimu, kwanza anatafuta palipopinda kwenye salamu yako, ndipo aitikie.

Wa tatu ndiye nitakayemfuata. Aliitwa Nyanjige, binti wa wakulima wa pamba kule Maswa, na kipaji chake kilikuwa mikono. Alijifunzia kuchapa pale pale chuoni, kwenye kibodi ambazo herufi zake zimefutika, akawa hakosei hata nukta. Tena alikuwa na desturi moja: faili la kwanza haligusi. Analihifadhi lilivyo, anatoa nakala, na nakala ndiyo anayoifanyia kazi. Wenzake walimcheka kwa hilo. "Anaficha mafaili," alisema Tumsifu, "kama bibi anavyoficha sukari."

Sasa jueni kilichomkaba Nyanjige kooni. Maabara ya kompyuta ya chuo kile ilikuwa ya mwaka wa kwanza tu. Ukiingia mwaka wa pili, unakuja na mashine yako, la sivyo somo la data hulisajili. Nalo ndilo somo alilolitaka kuliko yote. Kwao hapakuwa na mashine wala mtu wa kuinunua. Mwaka huo chuo kikatangaza zawadi: laptopu moja, mpya, kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye kazi yake ya data itawafaa watu wa nje ya chuo. Shemdoe hakuwa na laptopu. Tumsifu hakuwa nayo. Basi wote watatu wakaitolea macho, na chuki yao ikapata chakula.

Kazi waliyopewa ilikuwa hii. Bondeni, chini ya chuo, kina mama fulani walifuga samaki aina ya perege katika bwawa. Kiongozi wao aliitwa Mama Sikudhani, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Samaki wao walikuwa wakikutwa wanaelea wamekufa, kwa sababu kuna saa ambazo hewa iliyomo majini hupungua. Pampu ya kupulizia hewa walikuwa nayo, lakini umeme ni ghali, hawawezi kuiwasha kutwa kucha. Wakauliza swali moja tu: tuiwashe saa ngapi?

Shemdoe alipima. Muhula mzima alishuka bondeni na kipimo chake cha hewa ya majini, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, bila kuruka hata mara moja. Karatasini aliandika saa kama wanavyozitaja watu wote nyumbani kwao, na nyumbani kwenu pia: 11, na pembeni neno alfajiri; 2, asubuhi; 8, mchana; 12, jioni; 4, usiku. Karatasi zenyewe baadaye zililowa mvua zikawa uji, lakini alikuwa ameshamsomea Nyanjige yote.

Nyanjige alichapa. Kila tarakimu na kila neno aliliweka kwenye safu yake. Alipomaliza, Tumsifu akaja akasimama nyuma ya kiti chake. "Haya maneno ya nini? Alfajiri, jioni... unaandika shairi? Kompyuta inataka namba. Futa hiyo safu." Nyanjige aliona ni makosa kuyafuta, lakini alijua kwamba kubishana na Tumsifu ni kutafuta kutukanwa. Akalihifadhi faili la kwanza kando, kama desturi yake, na kwenye nakala akafuta maneno yote.

Tumsifu alichora. Grafu ilipotokea, nukta zilikuwa zimejazana upande wa kushoto, na upande wa kulia ulikuwa mtupu. Hakuipenda sura hiyo. Akaukata upande mtupu, akakikuza kilichobaki, ikapendeza. Nukta ya chini kabisa, yaani ya hewa kidogo kuliko zote, ilikaa kwenye 11. Nanyi mnajua kompyuta: siku yake huanza usiku wa manane, haingoji jua lichomoze kama sisi. Kwake yeye, 11 ni saa tano asubuhi. Basi ripoti ikaandikwa kwamba hewa hupungua saa tano asubuhi, na pampu iwashwe saa hiyo. Wote watatu wakatia sahihi.

Kina mama walitii. Nani asingetii chuo kikuu?

Haukupita muda, mlango wa maabara ukapigwa teke. Mama Sikudhani aliingia na beseni kichwani, maji yanamchuruzika shingoni.

"Shikamoo, mama," alisema Nyanjige.

"Marahaba kaa nayo mwenyewe!" Akalitua beseni na kulimwaga mezani, perege wakatapakaa katikati ya kibodi, wengine wakaanguka miguuni mwa wanafunzi. "Pampu tumeiwasha saa mliyotuambia. Hawa nimewaokota leo alfajiri, wameshakufa. Nani kati yenu aliyesema saa tano?"

Kila mmoja alimtazama mwenzake.

"Mmekuwa mabubu? Siku ile mlipokuja na karatasi zenu midomo mlikuwa nayo!"

Akalichukua beseni lake tupu akaondoka. Samaki aliwaacha.

Ndipo vita vikaanza. Tumsifu alikimbilia kwenye kompyuta, si kutafuta kosa, bali kutafuta mkosaji. Akaurudisha ule upande alioukata, akaukodolea macho, kisha akacheka kicheko kibaya.

"Njooni mwone! Kupita saa sita mchana hakuna kipimo hata kimoja. Huyu bwana alikuwa anapima asubuhi, halafu anakwenda kulala!"

Shemdoe alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mimi? Nimenyeshewa saa nane mchana, wewe uko kantini unakula chipsi, leo unaniambia nililala?"

"Nane yako hii hapa. Saa mbili asubuhi."

"Nane ni mchana! Na kumi na moja ni alfajiri! Nilimsomea huyu hapa. Muulize huyu mwenye vidole vya dhahabu amechapa nini!"

Nyanjige alikuwa anafuta magamba ya samaki kwenye kibodi. Mikono yake ilisimama. Aliogopa, maana alikuwa ameshaelewa. Akalifungua faili la kwanza. Safu ya maneno ilikuwa pale pale, haijaguswa. Nane, mchana. Kumi na moja, alfajiri.

"Tumewaua sisi," alisema. "Tumeweka saa za kwetu, mashine imezisoma za kwake."

Waliirudia kazi yote, bila kusemeshana ila kwa lazima. Kwa kila tarakimu walitazama neno lake, kisha wakaipeleka mahali pake, kwa sababu bila neno usingejua kama kumi na moja ni ya alfajiri au ya jioni. Grafu ikatandazwa siku nzima, na shimo lake likaangukia saa kumi na moja alfajiri. Wakapeleka jibu jipya bondeni. Pampu ikawa inawashwa kabla ya jogoo, na perege wakaacha kufa.

Mnadhani walikumbatiana? Hata mikono hawakupeana.

Siku ya zawadi ikafika. Dakta Mang'enya aliwaita maabara akawaambia, "Kazi yenu imeshinda. Lakini laptopu ni moja, na mfumo wa chuo unapokea jina moja tu. Unafungwa adhuhuri. Mimi sichagui, sitaki kubeba laana zenu. Pataneni. Nyanjige, kaa hapo, ujaze." Akatoka akaufunga mlango.

Nyanjige alikaa. Mbele yake palikuwa na kisanduku kimoja cheupe, na kimstari kikimeta ndani yake kikingoja herufi.

"Labda tuishike kwa zamu," alisema taratibu.

"Zamu na huyu?" alisema Tumsifu. "Bora itupwe bwawani."

"Hapo tu ndipo tulipokubaliana tangu tuanze," alisema Shemdoe. "Andika Shemdoe. Bila mimi mngechora nini? Mngepima kwa kutabiri? Tena maneno ya alfajiri na jioni niliyaandika mimi."

"Ukaandika na saa za shambani kwenu," Tumsifu alimjibu. "Andika Tumsifu. Grafu ile ilikuwa imeshakubaliwa, imeshatiwa sahihi. Nani aliona kwamba inadanganya? Ninyi mlikuwa mnatazama samaki."

"Uliona ulichokikata mwenyewe!" Nyanjige alisikia sauti yake ikipanda, akashangaa, maana hakuwa na mazoea ya kupigia watu kelele. "Na maneno ulinifutisha wewe! Kama nisingelihifadhi lile faili mnalolicheka, leo msingekuwa na cha kurudia. Mngeapa tu, huyu hivi, yule vile."

"Nilikwambia ufute. Sikukushika mkono."

Hilo lilimchoma Nyanjige, kwa sababu lilikuwa kweli. Alitaka kuandika jina lake. Alilitaka somo lile, aliitaka mashine ile, na hakuona aibu kuitaka. Akabonyeza herufi ya kwanza ya jina lake, N, na wale wawili wakapiga kelele kwa pamoja: "Mwizi!" Akaifuta.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mama Sikudhani, safari hii bila beseni. Mwalimu alikuwa amemwita aje athibitishe kwamba kazi ile iliwafaa kina mama. Alikuwa amesimama nje kitambo, na alikuwa amesikia.

"Endeleeni," alisema. "Kazi yangu, kazi yangu. Nawasikiliza." Akavuta kiti akaketi. "Nimeambiwa niseme kama mmetufaa. Nitasema. Pampu tunaiwasha alfajiri, samaki wanaishi. Ila mimi nina neno langu. Wale waliokufa walikuwa wetu, na tangu siku ile hakuna hata mmoja wenu aliyeshuka bondeni kusema poleni. Ningekaa kimya na samaki wangu, mngepewa alama zenu nzuri mkaenda zenu. Sasa, mtakayemwandika hapo ndiye mwenye kazi, sivyo?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Basi kama kazi ni yake, yote ni yake. Aje bwawani Ijumaa, tukiwa tumekusanyika kina mama wote. Asimame atuambie: jibu la pili ni langu, na la kwanza ni langu. Ndipo nitathibitisha. Asipokuja, sithibitishi kitu, na mashine yenu ibaki dukani."

Nyanjige aliwawaza wale kina mama kwenye kingo za bwawa, mikono viunoni, akajiona yuko mbele yao.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Shemdoe. "Mimi nilipima tu," alisema. "Kwa kweli kazi ni ya Tumsifu. Yeye ndiye aliyechora."

"Mimi?" alisema Tumsifu. "Mimi nilichora nilichopewa. Kazi ni ya Nyanjige. Kila kitu kilipita mikononi mwake."

Wakamgeukia wote wawili, wale wale waliomwita mwizi sasa hivi. "Andika lako," walisema. "Lako ndilo linalostahili."

Mama Sikudhani aliangua kicheko, na hakikuwa cha furaha. Akaitazama saa ya ukutani. "Adhuhuri haiko mbali," alisema.

Naona wengine mmeshanyoosha vidole. Vishusheni kwanza! Msiniletee majibu ya kivivu. Usiniambie kosa ni la kompyuta. Kompyuta haikumuua samaki wa mtu. Usiniambie laptopu iuzwe wagawane, wala waandike majina matatu. Kisanduku kinapokea moja. Na usiniambie Nyanjige aandike lake kwa sababu ndiye niliyemfuata mimi. Ningemfuata Shemdoe kwenye ule umande, mngemlilia Shemdoe.

Shemdoe alipima bila kuchoka, akaandika saa ambazo mashine haizijui. Nyanjige alihifadhi faili lililowaokoa, na kwenye nakala akafuta maneno huku akijua ni makosa kuyafuta. Tumsifu aliona upande mtupu ambao hakuna mwingine aliyeuona, na ni yeye aliyekuwa ameukata. Jina litakaloingia pale litabeba laptopu mkono mmoja, na mkono wa pili litabeba wale perege.

Nyanjige ameweka vidole juu ya kibodi. Wawili wanamhemea kisogoni, na mwanamke mmoja anamtazama usoni.

Haya, wewe uliyejifanya mjuzi tangu nianze: ungekuwa kwenye kiti kile, ungeandika jina la nani? Na jina hilo, Ijumaa pale bwawani, ungeweza kulitetea?